Hodi ya Nne

Ukifika upande wa Lurujo, kule Koboko, ukamuulizia Afisa, utaanza kuulizwa wewe: afisa gani, wa kodi au wa kilimo? Usikasirike. Sema tu "Afisa mwalimu", na hata mtoto anayechunga mbuzi atakuonyesha njia. Baba yake, askari aliyehamishwa kambi baada ya kambi, alitaka bintiye aitwe Hafsa. Karani akaandika alivyosikia, na tangu siku hiyo mama huyu anatembea na cheo ambacho hakuna serikali iliyowahi kumpa. Mwenyewe hakimsumbui. Vijana wakimpigia saluti sokoni kwa utani, naye anawarudishia saluti, kapu la mihogo likiwa kichwani.

Mtoto wa kambi hukua na lugha nyingi mdomoni. Afisa alizungumza Kikakwa na mama yake jikoni, na Kiswahili cha askari na wengine wote. Baba yake alikuwa mkali kwa mambo mawili tu: viatu na hodi. Viatu ving'ae, na mlango wa mtu usiuvuke bila kupiga hodi. Hodi ni tatu, alisema. Ya kwanza mwenye nyumba asikie, ya pili ajiweke sawa, ya tatu aamue. Usipojibiwa hiyo ya tatu, geuka uende zako bila kinyongo, maana mwenye nyumba ana sababu zake. Afisa alichapwa mara moja tu utotoni, na alichapwa kwa sababu ya hodi.

Alipokua, akafundishwa kupiga taipu katika ofisi moja ya kambi mjini Arua. Hapo ndipo alipopata mapenzi yake ya kwanza, na nisieleweke vibaya, mpenzi mwenyewe alikuwa ile mashine. Alipenda mlio wake, alipenda kengele ndogo inayolia mstari ukikaribia ukingoni, alipenda vidole vinavyojua njia bila kuangaliwa. Barua alizopiga hazikuwa na maana kubwa, nyingi ziliomba maharage na sare za askari, lakini zilitoka safi. Wakubwa walimsifu, naye akazikubali sifa.

Mwaka wa sabini na tisa vita vikapanda mpaka kwetu. Ofisi ilihamwa asubuhi moja tu, kila mtu na njia yake, na Afisa akaondoka akiacha karatasi ndani ya taipu, sentensi ikiwa nusu. Utashangaa: nyumba ilibaki, mbuzi walibaki, baba hakujulikana aliko, lakini kilichomchoma kwa miaka mingi ni ile sentensi. Alikuwa anaomba radhi kila anaposimulia, kana kwamba mtu aliyekimbia vita haruhusiwi kuwaza karatasi.

Yeye na mama yake walivuka kwenda Zaire kwa miguu. Jioni mvua ikawakuta mbele ya nyumba moja ya udongo, mlango umefungwa. Mama akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili, akapiga ya tatu, halafu akageuka kama alivyofundishwa na mumewe, akaanza kurudi barabarani na mvua yake. Afisa alimfuata hatua chache, akasimama. Ndani ya nyumba ile alikuwa amesikia kifuniko cha sufuria kikigonga, halafu mtu akikizuia kwa mkono. Akarudi mlangoni. Alijua anavunja adabu ya baba yake, na bado akapiga hodi ya nne.

Mlango ukafunguliwa. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mnene mwenye macho mekundu kwa moshi, jina lake Margarita, na alisema neno moja tu: "Karibu." Walikaa kwenye ua wake kwa miaka.

"Nilikuwa pale pale nyuma ya mulango," Margarita alimwambia siku moja wakimenya mihogo. "Nilikuwa naogopa mutu wa bunduki. Ile ya nne, mukono ilifungua yenyewe."

Kwenye ua huo Afisa alianza kufundisha watoto wa wakimbizi kusoma, kwa sababu walikuwapo na hakuna mwingine aliyewashughulikia. Yeye na mama yake waliporudi nyumbani baada ya vita vya katikati ya miaka ya themanini kutulia, alikuta magugu pale palipokuwa na boma lao, akayang'oa, akajenga, akaolewa na Sule, mwanamume mpole mwenye kupenda senema za ngumi. Shule ya msingi iliyo karibu ilikuwa inatafuta walimu. Akaingia darasani na hakutoka tena.

Kompyuta ilikuja katikati ya miaka ya tisini. Wazungu wa shirika fulani lililokuwa likihudumia wakimbizi wa Sudan walikuwa wanafunga kazi, na walipogawa vitu vyao, shule ikapata mashine moja ya zamani, nzito, rangi ya maziwa yaliyochacha. Hedimasta Lokule aliipokea kwa mikono miwili. Akaiweka ofisini kwake, akaifunika kitambaa cha kufuma alichokitoa kwenye makochi ya nyumbani, akafunga mlango kwa kufuli. Wazazi walikuja kuitazama kama wanavyokwenda kumtazama mtu aliyerudi kutoka hija. Waliambiwa wasiiguse, nao hawakuigusa.

Afisa aliivumilia hali hiyo kwa majuma kadhaa, halafu uvumilivu ukamwishia.

"Hedimasta, watoto watajifunza lini?" akauliza.

"Mwalimu Afisa, hii kitu iko na thamani," Lokule akasema. "Mikono ya watoto iko na mafuta na matope. Halafu umeme iko wapi?"

Lokule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeona vitu vingi vikiporwa maishani mwake, na njia pekee aliyoijua ya kupenda kitu ilikuwa kukifungia. Lakini taarifa ilikuwa imefika kutoka Arua kwamba mkaguzi atakuja kabla mwaka haujaisha, na kama watoto hawawezi kuitumia mashine ile, itapakiwa kwenye gari ipelekwe ofisini mjini, ambako angalau makarani wataitumia. Afisa alimkumbusha hayo.

"Kufuli yako haitazuia ile gari," akamwambia. "Watoto wakijua, ndiyo itabaki."

Lokule akaikuna shingo yake kwa muda mrefu, kisha akatoa ufunguo, mashine iwe inabebwa darasani.

Suala la umeme Afisa alilimaliza nyumbani. Mumewe Sule alikuwa na kibanda cha video pale mjini Koboko, na kibanda kilikuwa na jenereta ndogo. Siku ya Ijumaa kibanda hakifunguliwi mpaka swala iishe. Basi kila Ijumaa asubuhi Sule aliifunga jenereta yake kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka shuleni, akaketi kando yake akiisikiliza ikinguruma kama mtu anayesikiliza tumbo la ng'ombe mgonjwa. Petroli ilitosha kwa muda mfupi tu. Watoto wa darasa la sita walikuwa wengi, mashine moja.

Hapo ndipo yule mpiga taipu wa zamani alipoamka. Afisa alikusanya maboksi ya sabuni madukani, akayakata, na kila mtoto akapata kipande chake. Walikusanya vifuniko vya soda, wakavibandika kwa uji mzito wa muhogo, safu kwa safu, na juu ya kila kifuniko wakaandika herufi kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka milango. Hiyo ndiyo kibodi. Jumatatu hadi Alhamisi darasa la sita lilikaa chini, kibodi za boksi mapajani, vidole vikitafuta njia, na Afisa akipita katikati yao akisoma herufi kwa sauti. Hakuna aliyeruhusiwa kuangalia chini. Kuku waliila mara mbili kibodi ya Draku, kwa sababu ya ule uji wa muhogo, na mara zote mbili akatengeneza nyingine huku akilalamika.

Draku alikuwa mwanafunzi wa maswali. Siku walipofika kwenye kitufe kikubwa cha pembeni, kile cha ENTER, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hii nasema nini?"

"Inasema ingia," Afisa akajibu. "Ukimaliza kuandika, unaibonyeza, na maneno yako yanaingia ndani ya mashine."

Draku akakitazama kile kifuniko kwa mashaka. "Mutu naingia hivi hivi tu? Bila hodi?"

Darasa zima likacheka, na Afisa akacheka nao, lakini lile swali likambana mahali fulani. Mtoto amesema kweli. Tangu lini mtu wa Koboko akaingia mahali bila hodi?

"Piga hodi basi," akasema.

"Hodi!" Draku akasema, kidole hewani.

"Karibu!"

Akabonyeza. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyegusa ENTER bila kupiga hodi na kusubiri karibu ya mwalimu. Ulikuwa utani, halafu ukawa desturi, halafu Afisa akagundua kwamba una faida. Mtoto akipiga hodi, anasimama kidogo. Akisimama, anaangalia alichoandika. Akiangalia, anaona kosa. Kukiwa na kosa, Afisa hajibu, anakaa kimya mpaka mtoto arudi kusahihisha. Aliwafundisha na ile sheria ya baba yake: hodi ni tatu, usipojibiwa toka, mwachie mwenzako nafasi, ukafikirie umekosea wapi. Hodi ya nne hakuwafundisha. Hakumsimulia mtu yeyote pale shuleni habari za jioni ile ya Zaire.

Mgeni wa darasa alikuwa Keji, binti aliyevuka kutoka Sudan na shangazi yake akiwa hajui Kiingereza, akijua Kibari na Kiswahili cha sokoni. Alikuwa mwepesi wa vidole na mzito wa maneno. Akikosea alifuta na kuanza upya bila kunung'unika, na kama kuna mwanafunzi ambaye Afisa hakuwa na wasiwasi naye, ni yeye.

Mkaguzi alifika Ijumaa moja ya Novemba. Aliitwa bwana Onzima, mzaliwa wa Ajia, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na sauti ya mtu aliyechoka kudanganywa. Alikuja na pikapu tupu. Watoto waliiona ile pikapu, wakaielewa.

Onzima alisalimiana na kila mtu vizuri, akanywa chai, kisha akatoa sheria yake. Katika shule nyingine alikuta walimu wakiwanong'oneza watoto majibu, wakikohoa herufi, wakigonga sakafu kwa viatu. Hapa hataki hayo.

"Walimu watasimama dirishani, wanaangalia nje," akasema. "Mimi nikisikia sauti ya mwalimu, hata kikohozi, mtihani imekwisha na mashine napanda gari. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana, bwana mkaguzi," Lokule akajibu, jasho likimtoka tayari.

Afisa naye akaitikia. Ni haki, aliwaza. Watoto wanajua. Akasimama dirishani bega kwa bega na hedimasta, macho kwenye uwanja, ambako Sule alikuwa ameinamia jenereta yake. Alijisikia mtulivu kabisa.

Mtihani ulikuwa mwepesi. Ndani ya mashine mlikuwa na programu ndogo ya kufundishia: unaandika jina lako, unabonyeza ENTER, na mashine inakusalimia kwa jina. Onzima aliketi kando ya meza na karatasi yake, akamwita wa kwanza. Alikuwa Draku.

Afisa alisikia vitufe vikilia, D, R, A, K, U, bila kusita. Akatabasamu akitazama nje. Kisha akasikia sauti ya Draku.

"Hodi."

Tabasamu likamkauka. Alikuwa amefikiria kila kitu, petroli, vumbi, makamasi ya watoto, na hili hakulifikiria. Karibu ni yake. Karibu daima imekuwa yake, na ameapa kufunga mdomo.

Onzima aligeuka akautazama mlango. Hapakuwa na mtu. Akarudi kwenye karatasi yake.

"Hodi," Draku akasema tena. Na tena, "Hodi."

Halafu miguu peku ikasikika ikirudi mahali pake sakafuni, taratibu, kama alivyofundishwa.

"Amemaliza?" Onzima akauliza hewani. "Jina imebaki hapo nje, haikuingia." Akalifuta jina mwenyewe, akaandika kitu kwenye karatasi, akamwita wa pili.

Wa pili aliandika jina lake sawasawa, akapiga hodi tatu, akarudi kukaa. Wa tatu hivyo hivyo. Onzima hakuwa mjinga, lakini jenereta ilikuwa ikinguruma, watoto walikuwa wakisema kwa sauti ndogo ya woga, na alichokiona yeye ni watoto wanaoandika vizuri, halafu wanaomba ruhusa ya kuondoka pale pale walipotakiwa kumalizia. Alianza kuwahurumia. Huruma ya mkaguzi ni kitu kibaya, maana huandikwa.

Pale dirishani Afisa alikuwa akijilaumu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nani alimtuma kugeuza mashine kuwa nyumba ya watu? Watoto wa wenzake wangebonyeza tu na kwenda zao. Wake amewafunga kamba mwenyewe, kwa adabu, na sasa adabu yenyewe inawapokonya kompyuta. Alifungua mdomo. Lokule, bila kugeuka, akamshika mkono akaubana. Afisa akaufunga mdomo. Aliiona pikapu, sehemu yake ya nyuma ikiwa wazi. Machozi yakamjaa na hakuwa na namna ya kuyafuta.

"Keji," Onzima akaita.

Vitufe vikalia haraka, vinne.

"Hodi."

Afisa akafumba macho.

"Hodi."

Jenereta ilinguruma.

"Hodi."

Sasa alingoja kusikia miguu ikirudi. Aliingoja, na haikuja. Keji alikuwa bado amesimama mbele ya mashine, kidole juu ya kitufe.

"Hodi!" akasema, kwa sauti iliyoishinda jenereta.

Onzima alikuwa ameinama, anaandika. Mtu aliyezaliwa Ajia, akakulia katika ua wenye milango mingi na wageni wengi, hawezi kuisikia hodi ya namna ile akaiacha chini. Hakuinua hata kichwa.

"Karibu," akasema.

Kitufe kikalia. Mashine ikatoa mlio wake mfupi, na kwenye kioo, kwa herufi za kijani, ikaandika: HELLO KEJI.

Onzima akaitazama kalamu yake. Akakitazama kioo. Akamtazama yule binti, kisha darasa zima lililokuwa likimkodolea macho yeye, na polepole akaivua miwani.

"Wewe wa kwanza," akamwambia Draku. "Rudi hapa."

Draku akarudi, akaandika jina lake, akasita. "Hodi?"

"Karibu, baba," Onzima akasema.

HELLO DRAKU. Basi ikawa hivyo hivyo mpaka mwisho. Mkaguzi wa Arua alikaa kando ya meza ile akikaribisha watoto mmoja mmoja, kwanza kwa kicheko cha kujizuia, kisha bila kujizuia, na kufikia mtoto wa mwisho hakuna hata mmoja aliyeachwa nje. Sule alichungulia kuuliza kama aizime jenereta, watoto wakamzomea.

"Mwalimu," Onzima akamwambia Afisa walipokuwa nje, "kwa nini wewe hakusema? Mimi karibu nibebe mashine ya watu."

"Bwana mkaguzi, wewe ndiyo ulisema nisiseme."

"Ni kweli," akasema, akacheka tena, akampa mkono. Pikapu ikarudi Arua na mkungu wa ndizi ambao hedimasta Lokule, kwa furaha iliyompita kimo, aliukata kwenye shamba lake mwenyewe. Jioni ile ile kile kitambaa cha kufuma kikarudi kwenye makochi.

Watoto walipotawanyika Afisa alimwita Keji. Alikuwa anakusanya kibodi za boksi, akizipanga moja juu ya nyingine ili vifuniko visibanduke.

"Keji, mimi nilikufundisha hodi ngapi?"

"Tatu, mwalimu." Mtoto akainamisha kichwa, akidhani anagombezwa.

"Ya nne ulitoa wapi?"

Keji alifikiria, huku mikono ikiendelea kupanga.

"Mwalimu, mimi nilisikia mutu iko ndani."

Afisa akaketi pale pale sakafuni kando yake, akachukua kibodi moja ya boksi, akaiweka juu ya zile nyingine.